Akili Zilizohama Miili

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, barazani kwetu Kibokoni tumekuwa tukibishana kuhusu sehemu ya katuni ya Futurama iitwayo "The Prisoner of Benda", ambamo wahusika hubadilishana akili kwa mashine isiyokubali miili miwili ile ile kubadilishana tena. Mwenzangu ashikilia kwamba ufumbuzi wa mwishoni ni mazingaombwe ya waandishi tu. Je, ni kweli?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako amekosea, ingawa simlaumu, kwani hesabu yenyewe hupita upesi mno kwenye skrini. Mwandishi wa sehemu hiyo, iliyoonyeshwa Agosti 2010, ni Ken Keeler, mwenye shahada ya uzamivu katika hisabati, naye alithibitisha kwamba, hata waliochanganyikiwa wawe wengi kiasi gani, watu wawili wapya watosha kumrudisha kila mmoja mwilini mwake.

Jaribuni wenyewe kwa vikombe vya kahawa, kila kikombe kikiwa mwili. Ali na Badi wamebadilishana, nao Saumu na Zena wamekuja kusaidia. Mwili wa Ali ubadilishane na wa Saumu, wa Badi na wa Zena, kisha wa Ali na wa Zena, halafu wa Badi na wa Saumu. Hapo Ali na Badi wamekwisha kupona, lakini akili za wasaidizi zimepishana. Nao, kwa kuwa hawajawahi kuingia mashineni pamoja, wanaruhusiwa kubadilishana wao kwa wao. Ni mabadilishano matano tu, na hakuna jozi iliyorudiwa.