Kibendera anayeyumba
Kaka, umeuliza ufanyeje ukiwa refa wa kati ukapangiwa kibendera (mwamuzi msaidizi wa pembeni) anayeyumba. Usianze kupuliza kila kitu kumfidia, utachoka na mechi itakuharibikia mkononi. Mimi nilikuwa nachezesha Tukuyu, mvua inamwagika, mwenzangu kainua kibendera cha kuotea kwenye mpira wa kurusha! Hapo hakuna kuotea, sheria ya 11 ya soka iko wazi. Nikampungia ashushe, mpira ukaendelea. Matusi ya benchi, usiulize. Mapumziko nikamvuta pembeni, si mbele ya wachezaji: "Kaa sambamba na beki wa pili kutoka mwisho, na usiwahi kuinua." Kipindi cha pili akatulia kidogo. Kidogo tu. Siku hizi faulo za karibu na mstari tunagawana kabisa nani aamue zipi kabla hatujatoka chumbani.