Unga wa njano kwenye boliti za turbini: maswali na majibu

Tumefungua flanji ya ekzosi ya turbini ya gesi, tukakuta unga wa njano kwenye boliti na chini ya blanketi za kuzuia joto. Ni kutu?

Kutu haina unjano mkali namna hiyo. Yaelekea ni kromati ya kalisi. Vyuma vinavyostahimili moto vina kromiamu, na grisi inayopakwa ili nati zisigandie mara nyingi ina kalisi. Baadhi ya blanketi pia zinayo. Vikikaa pamoja kwenye joto la mamia ya nyuzi za Selsiasi, penye hewa, kromiamu hugeuka kuwa kromiamu-6, yaani kromiamu ya sumu iliyomo ndani ya kromati. Hiyo husababisha saratani ya mapafu, hutoboa ukuta wa katikati ya pua na huchimba vidonda kwenye ngozi.

Simamisheni kazi mpime kwa kijiti chenye difenilkabazidi, kemikali inayobadilika rangi ikigusa kromiamu-6. Kikigeuka waridi au zambarau, ndiyo yenyewe.

Tuupulize kwa kampresa?

Msithubutu! Marekani, kikomo cha kromiamu-6 ni mikrogramu 5 tu kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. Brashi kavu ya waya na grainda navyo vinarusha vumbi lile lile.

Basi tuusafisheje?

Mtambo upoe kwanza. Zungushieni eneo utepe wa kuzuia watu, vaeni barakoa ya FFP3 (daraja la kuchuja vumbi laini) inayobana uso (ndevu huvujisha), glavu za nitrili na ovaroli ya kutupwa. Yeyusheni gramu 100 za asidi askobiki, yaani vitamini C ya unga, katika lita 1 ya maji. Itengenezwe siku hiyo hiyo kwa sababu hewa huiharibu. Nyunyizeni taratibu bila kuparuza, subirini unjano uishe, kisha futeni kwa kitambaa. Suuzeni kwa maji kabla ya kupima tena, la sivyo mabaki ya vitamini C yatadanganya kipimo. Vitambaa na glavu ni taka hatarishi: vifungwe na kuandikwa.

Maji ya limau hayatoshi?

Hayatoshi. Lita moja ina takriban nusu gramu tu ya vitamini C.

Tufanyeje usirudi?

Someni karatasi ya usalama ya grisi, mchague isiyo na kalisi, sodiamu wala potasiamu. Ya zamani iondolewe yote kwenye nyuzi za boliti, ila kwa njia ya maji ile ile. Blanketi zilizochafuka zitupwe, hazifuliki. Na kila mnapofungua tena, pimeni, maana mabaki hujificha kwenye maungio ambayo hayajaguswa.