Kilomita 236 kwa glaida, na mita 500 za mwisho

Vijana wawili wa Iten, waliokua wakiwatazama wageni wakiruka kwa paraglaida, bawa la kitambaa kitupu linalofanana na mwavuli, kutoka ukingo wa Bonde la Kerio na sasa wameanza kuruka wenyewe, wameniandikia wakitaka kujua nilitumia mbinu gani kusafiri kilomita 236 kwa glaida ya kuning'inia, bila injini, kutoka California hadi Nevada. Wanatarajia niwaeleze namna ya kupanda juu. Nitaeleza, lakini sehemu kubwa ya ninayoyajua inahusu kushuka, na niliyajifunza kwa kuvunjika kifundo cha mkono.

Kwa asiyeijua, glaida ya kuning'inia ni bawa la kitambaa kigumu lililotandazwa juu ya mabomba ya alumini, lenye uzito wa takriban kilo 30. Rubani hulala kifudifudi ndani ya mfuko ulioning'inizwa chini ya bawa, akashika fremu ya pembetatu, na huongoza kwa kuusogeza mwili wake: akiivuta fremu kifuani, bawa huongeza kasi, akiisukuma, hupunguza. Tofauti na paraglaida, bawa hili haliwezi kukunjamana hewani, ila hutua kwa kasi kubwa zaidi na huhitaji uwanja mrefu zaidi. Tofauti hiyo, ndugu zangu wa Iten, msiidharau.

Mahali penyewe ni Bonde la Owens huko California, Marekani, ambalo kwa umbo linafanana kidogo na Kerio, ingawa kila kitu huko kimekuzwa. Upande wa magharibi kuna ukuta wa Sierra Nevada, wenye Mlima Whitney wa mita 4,421. Upande wa mashariki kuna milima ya Inyo na White Mountains, ambayo kilele chake kirefu kina mita 4,344. Na sakafu ya bonde ina wastani wa mita 1,200 tu. Tunaruka kutoka Walt's Point, kando ya barabara ya mlimani kusini mwa mji mdogo wa Lone Pine, kwenye kimo cha mita 2,700 hivi. Chini yake linaonekana Ziwa Owens, lililokauka baada ya maji yake kuanza kupelekwa Los Angeles kwa mfereji mwaka 1913. Sisi marubani hulitazama kila asubuhi kabla ya kufungua mabawa, kwa sababu vumbi jeupe likiwa tayari linatimka huko chini, upepo ni mkali mno.

Siri ya njia ile ni jua. Walt's Point inatazama mashariki, kwa hiyo miamba yake hupata joto mapema, na hewa iliyopashwa huanza kupanda kabla ya adhuhuri. Rubani huipata hewa hiyo, huzunguka ndani yake kama mwewe, hupanda, kisha huteleza kuelekea kaskazini hadi atakapopata nyingine. Mchana jua linapovuka, ubavu wa mashariki wa Sierra huingia kivulini na ule wa magharibi wa White Mountains huanza kuchemka. Kwa hiyo ni lazima uvuke bonde katikati ya safari, na wengi wetu huvuka karibu na bwawa la Tinemaha, kusini mwa Big Pine. Anayechelewa Sierra kwa sababu amenogewa hukutana na upepo wa magharibi unaomwagika kutoka vileleni na kubingirika kama maji chini ya maporomoko. Ukiona mawingu laini yenye umbo la dengu yamesimama juu ya Sierra bila kusogea, rudisha glaida kwenye gari. Mawimbi hayo ya hewa yana nguvu kiasi kwamba mwaka 1951 na 1952 wanasayansi waliweka kambi Bishop, katika bonde hilohilo, ili kuyachunguza kwa ndege zisizo na injini.

Kuhusu maandalizi nitasema machache. Chini panaweza kuwa na joto la nyuzi 38, na saa moja baadaye ukawa kwenye kimo cha mita 4,500 ambako nyuzi ni 5 au 6, kwa hiyo utavaa nguo za baridi huku ukitokwa na jasho, na watu watakucheka. Chukua oksijeni, kwa maana upungufu wake hauumi. Unakufanya ujione hodari wakati akili imepungua. Beba lita tatu za maji mwilini mwako, si garini mwa dereva anayekufuata barabarani, na kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, kwa sababu simu haishiki mtandao katika sehemu kubwa ya jangwa. Panga pia jambo la haja ndogo, maana saa sita ni nyingi. Na kabla ya kuruka, jilaze kwenye kamba mwenzako akiwa ameshika bawa, uhakikishe umejifunga. Wako marubani wazoefu waliokufa kwa kukimbia mlimani huku bawa likiwa tayari na wao hawakujifunga kwake.

Sasa nirudi kwenye kifundo cha mkono. Mwaka mmoja kabla ya safari ile, nilishuka mno katika bonde lililo kaskazini mwa Bishop. Nilikuwa na mita kama 400 hivi juu ya ardhi, na chini yangu palikuwa na shamba kubwa la majani ya mifugo, limelala sawasawa na upepo. Hapo nikaona chamchela likiinuka nusu kilomita mbele yangu. Chamchela ni alama ya hewa inayopanda, na kila rubani wa jangwani hulitafuta kwa macho. Nililifuata. Nilipolifikia lilikuwa limekwisha, shamba limebaki nyuma, nami nina mita 90 juu ya vichaka vigumu na mawe. Nilitua upepo ukiwa mgongoni, bomba moja la fremu likavunjika, na mkono ukafuata. Kisha nilitembea saa mbili na nusu hadi barabarani, kwa sababu maji yangu mengi yalikuwa garini.

Nilipokuwa na plasta mkononi nilijiwekea sharti ambalo sijalivunja tangu hapo: nikiwa mita 500 juu ya ardhi, lazima niwe nimekwisha kuchagua uwanja, na kuanzia hapo mimi si msafiri tena, ni mtu anayetua. Naweza kuzunguka hewa inayopanda iwapo imenikuta juu ya uwanja wangu, lakini siifuati hata hatua moja. Wenzangu wengine huweka mita 300, na ni wazuri kunizidi. Jangwani mchana ninapendelea 500, kwa sababu upepo wa chini hubadilika ghafla, na kusoma vumbi, vichaka na mawimbi kwenye mabwawa ya mifugo huchukua muda ambao mtu mwenye pupa hana.

Siku ya safari ndefu niliruka saa nne na nusu asubuhi. Nilivuka Tinemaha mapema, nikapita juu ya misonobari ya White Mountains ambayo baadhi yake ina zaidi ya miaka 4,000, na kabla ya saa tisa alasiri nilikuwa kando ya Boundary Peak, mlima mrefu kuliko yote ya jimbo la Nevada. Kutoka hapo ukuta wa milima unakatika na jangwa tupu linaanza. Wengi hutamani kukata moja kwa moja. Mimi nilifuata barabara, hata pale iliponiongezea kilomita kadhaa, maana kila kilomita mbali na barabara ni mwendo wa miguu juani. Nilipita Mina, kisha Luning, nikishuka polepole.

Kimo kilipofika 500 nilichagua eneo tambarare kando ya barabara ya kwenda Gabbs. Nilipofika 350, nikiwa mita 200 hivi mashariki ya uwanja, juu ya mawe, kifaa changu kinacholia hewa inapopanda kikaanza kulia, mlio dhaifu lakini wa kweli. Niliusikia vizuri sana. Nikageukia upepo, nikatua kwa miguu miwili saa kumi na dakika arobaini, bawa likiwa zima.

Nilipokuwa nikikunja kitambaa, mwenzangu niliyeruka naye asubuhi alipita juu yangu akizunguka ndani ya hewa ileile, akapanda hadi akawa kama nukta, na akatua karibu na Gabbs, kilomita 30 mbele. Dereva alinichukua kwanza. Njiani aliniuliza mara mbili kwa nini nimenyamaza.