Don Williams, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, alitoa singo yake mwenyewe ya kwanza akiwa 33, wewe uko 31

Kaka nimesoma swali lako, unauliza kama ukiwa na miaka 31 na hakuna redio imewahi kucheza wimbo wako kuna haja ya kuendelea na kantri. Mimi napiga gita kwa baa za Nakuru na Eldoret mwaka wa tisa huu, na mwalimu wangu ni Don Williams, kaseti za baba kwa gari tukienda ushago, tunaimba wote hata maneno mengine hatuyajui.

Watu hudhani Don alitokea tu akiwa staa. Alizaliwa Texas 1939, mwaka wa 1964 akaanza na Pozo-Seco Singers, watu watatu, nyimbo za foki sio kantri, wakavuma kidogo na "Time" 1966, halafu kufika 1970 kikundi kikavunjika na yeye akakaa nje ya muziki kwa muda. Aliporudi kwa muziki, huko Nashville, mji wa kantri, kazi aliyopata ni ya kuandika nyimbo kwa kampuni ya prodyusa Jack Clement ili wengine waziimbe!! Singo yake mwenyewe ilitoka 1972, lebo ndogo ya huyohuyo Clement, JMI. Namba moja ya kantri akaipata 1974, ana miaka 35.

Sasa sikiliza zile rekodi za JMI. Gita, besi, ngoma imepigwa polepole, na ile sauti nzito hailazimishwi hata mahali pamoja. Mimi miaka minne nilikuwa napaza sauti nishindane na spika, naigiza lafudhi ya Texas, watu wanaendelea na nyama choma yao. Siku moja stima zikapotea katikati ya shoo, nikavuta kiti karibu na meza nikashusha kii nikaimba "Amanda" ya Don polepole hivyo gizani, meza moja ikanyamaza, halafu ya pili, mpaka mhudumu akasimama na trei mkononi. Mwenye baa alikataa kunilipa usiku huo, ati shoo haikuisha, na iliniuma sana, lakini mama mmoja pale alichukua namba yangu na nikaimba harusi ya binti yake.

Kuhusu ule wimbo wako wa Kikalenjin, ulisema prodyusa ameujaza kinanda, urekodi upya kwa simu, gita na sauti tu, usiku watoto wakilala. Uweke hapa, nitausikiliza wote.