Walimu wapya wa Kiingereza, mtoto akiandika "If I were" msimpige mkasi

Juzi nilikaa nyuma ya darasa la kidato cha tatu, hapa Uyole, namtazama kijana wa TP, yaani mazoezi ya kufundisha, akifundisha sentensi za masharti. Anafundisha vizuri, sauti inafika nyuma hata mvua ikipiga bati. Kisha akachukua daftari la binti wa dawati la mbele, akapiga mkasi, ile alama ya kukosa, juu ya "If I were". Nilishika kichwa. Vijana wangu, mkasi huo naujua.

1. Mifano itoke hapa. Viazi vya Isyonje mtoto anavijua, theluji hajaiona.

2. "If it will rain" itawachosha. Waambieni wasikilize -ki-: "Mvua ikinyesha, tutapanda viazi." -ta- iko upande mmoja tu, na "will" vivyo hivyo: "If it rains, we will plant potatoes."

3. Msiwaambie kwamba "were" ni ya wengi, basi. Mwaka wangu wa kwanza kazini, shule ya bweni upande wa Rungwe, niliwakaririsha: "I was, he was, we were." Binti mmoja mkimya akaandika "If I were a doctor, I would help my grandmother." Nikapiga mkasi. Akaja mezani, daftari kalishika kwa mikono miwili: "Samahani mwalimu, kwenye kitabu nimeona hivyo." Kitabu chenyewe sikutaka hata kukiona. Nilimsimamisha ubaoni akaandika "If I was" mara kumi, darasa zima likisoma kwa sauti.

Baadaye nikaitwa kusahihisha mock. Mwongozo ukasomwa: jibu ni "were". Mwenzangu wa meza ya pili akauliza, "Hawa wote wameandika was, mwalimu wao nani?" Nikatazama namba ya shule. Ilikuwa yetu. Nikaomba nipekue bahasha, nikautambua mwandiko wa yule binti, herufi zimelala kushoto. Naye aliandika "was". Alikuwa nalo jibu, akaliacha kwa sababu aliniamini mimi. Niliporudi nilimwomba radhi mbele ya darasa lilelile. Akasema, "Haya, mwalimu," akakaa. Mpaka leo sauti ile ninayo.

Ilinipasa kuanzia kwenye "ningekuwa daktari". Hakuna jana ndani yake. Binti si daktari sasa hivi, anadhania tu. "Were" hiyo nayo haisemi jana, inasema dhana, ndiyo maana inakaa na "I" na "she" bila shida. Waingereza wenyewe wakizungumza husema "if I was", sana tu. Kwenye karatasi ya mtihani wafundisheni "were".

4. Lakini -nge- ina mtego, nao nauona kila mwaka. Sisi tunaiweka pande zote mbili: "Ningekuwa na hela, ningenunua gumboti." Mtoto anaihamisha nzima: "If I would have money, I would buy gumboots." Mwambieni "would" ni moja, na haikai upande wa "if": "If I had money." Kwa "ningalijua" ni "If I had known", au "Had I known" kwa wale wanaokimbia mbele ya darasa.

Kijana wa juzi, daftari la yule binti liko mezani kwangu. Kesho kipindi cha kwanza ni chako. Pitia ulichukue, umrudishie mwenyewe, wenzake wakiwepo.