Jibu: Kwa nini jumla inatoka 45 badala ya 55
Assalaam alaykum ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kwa nini programu yako ya mchumaji wa karafuu, anayechuma pishi 1 siku ya kwanza, 2 siku ya pili, hadi 10 siku ya kumi, inatoa 45 badala ya 55. Katika Python, lugha ya kuandikia programu, range(1, 10), inayotoa namba kwa mfuatano, huanza na 1 na kuishia 9, kwa kuwa namba ya mwisho haihesabiwi. Andika range(1, 11). Kabla ya kurekebisha, hata hivyo, weka print(jumla), yaani amri ya kuonyesha jumla, ndani ya kitanzi (sehemu ya programu inayojirudia) na ufuatilie kila mzunguko kwa kalamu na karatasi, maana hapo ndipo utakapoelewa pia kwa nini jumla = 0, yaani mstari wa kuanzisha jumla na sifuri, huandikwa nje ya kitanzi. Kunakili kutoka kwenye video, kwa maoni yangu, hakufundishi hayo.