Maswali ya Wasomaji: Bisibisi ya umeme ya kufungulia gemu

SWALI: Ninatengeneza PlayStation, Xbox na Nintendo Switch. Bisibisi yangu ya umeme haikudumu: ncha zimelika, na ninapofunga, plastiki inapasuka. Je, ninunue drili ndogo yenye nguvu zaidi? – Fundi wa gemu, Umoja

JIBU: Hapana, fundi. Nguvu nyingi ndiyo inayopasua plastiki. Drili ya volti 12 hukaza kwa zaidi ya nyutoni-mita (Nm) 10, ilhali skrubu inayoingia kwenye plastiki ya padi (kidude cha kuchezea kinachoshikwa mkononi) haihitaji hata Nm 1. Ukilegeza klachi (pete ya kupunguza nguvu ya kukaza) bado utaumia, kwa sababu mota yake ni nzito: skrubu ikishafika mwisho, mota huendelea kuzunguka kidogo, na hapo nyuzi za plastiki hukatika.

Tafuta bisibisi ya umbo la kalamu, yenye nguvu ya Nm 0.05 hadi 0.2 na mwendo wa mizunguko kama 200 kwa dakika. Muhimu kuliko yote, mhimili wake (sehemu inayoshika na kuzungusha ncha) ujifunge mota ikizimwa, ili uweze kuizungusha kwa mkono kama bisibisi ya kawaida. Skrubu za Switch huja na gundi kwenye nyuzi. Ukizilazimisha kwa mota, ncha huruka na kula kichwa cha skrubu. Gandamiza, legeza robo mzunguko kwa mkono, kisha mota imalizie. Wakati wa kufunga, kwanza zungusha skrubu kinyume hadi uhisi imedondokea kwenye njia yake ya zamani. Mota iishushe, nawe ukaze mwisho kwa mkono.

Ukifika maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi, usinunue kabla ya kuijaribu dukani. Weka ncha, uitikise: ikicheza sana, itakula vichwa vya skrubu. Iwashe kwa nguvu ya chini kabisa na uushike mhimili kwa vidole. Mota isimame bila kusaga. Mlio wa kusaga ni dalili ya giya mbovu, na giya za plastiki ndizo hufa mapema, kwa hiyo uliza za chuma. Izime, uizungushe kwa mkono: mhimili ukiteleza, irudishe.

Shina la ncha liwe la milimita 4 lenye pembe sita, kwani hizo hupatikana moja moja. Ncha ni kitu cha kuisha, na bisibisi yenye ncha za aina yake pekee utaitupa ikiwa bado nzima. Chagua ncha za chuma cha S2, kigumu kuliko CR-V (chuma cha kromu na vanadi). Nunua ncha moja na uipitishie tupa: S2 halisi hukwaruzwa kidogo tu, chuma laini hulika.

Za kuanzia ni T8 (T ni ncha za umbo la nyota) yenye tundu katikati (PS4, PS5 na padi za Xbox), T10 kwa Xbox 360, Y00 ya mabawa matatu kwa ganda la Switch, na misalaba PH00, PH0 na PH1. T8 na PH00 nunua mbili mbili, maana ndizo zinazofanya kazi kila siku.

SWALI: Skrubu ya msalaba imeshalika kichwa. Nifanyeje? – Msomaji, Kayole

JIBU: Usiiguse tena kwa mota. Jaribu ncha ya JIS, msalaba wa Kijapani, ambayo hukaa vizuri zaidi kwenye skrubu nyingi za Nintendo. Ikishindikana na skrubu iko kwenye chuma, gusa kichwa chake kwa ncha ya chuma cha kulehemu (soldering iron) kwa sekunde chache ili gundi ilainike, kisha uizungushe polepole ukigandamiza. Karibu na plastiki usipashe moto. Hapo chonga mfereji kichwani utumie bisibisi bapa. Skrubu mpya isiwe ndefu kuliko ya zamani hata kwa milimita moja, kwa kuwa inaweza kutoboa bodi.

SWALI: Bisibisi yangu ina tundu la USB-C lakini haichajiki kwa chaja ya simu yangu. Imekufa? – Msomaji, Rongai

JIBU: Huenda ni nzima. Nyingi za bei nafuu hazina vikinza (vipande vidogo vya kielektroniki) vinavyoiambia chaja ya USB-C itoe umeme. Tumia waya wenye USB-A ya kawaida (ile pana ya mstatili) upande wa chaja. Bisibisi ikikaa bila kazi kwa wiki kadhaa, iache na chaji nusu; betri ya lithiamu ikilala tupu hufa haraka.